Halloween bila kugonga milango ya watu

Dada, umesema wanao wana miaka 3 na 5, mmehamia Minneapolis, Marekani, na hutaki kuwazungusha usiku wa Halloween, ile sikukuu ya watoto kuvaa mavazi ya kuigiza na kuomba peremende mlango kwa mlango, kwenye nyumba za watu msiowajua. Nakuelewa. Tarehe 31 Oktoba huko giza linaingia mapema, baridi inauma, na mtoto mwenyewe kavaa barakoa inayomziba macho huku magari yanapita.

Mimi wangu nawapeleka kwenye buti za magari. Makanisa na shule nyingi huandaa: wazazi wanapaki uwanjani, wanafungua buti na kuzipamba kwa maboga na utando wa buibui, watoto wanapita gari hadi gari na vikapu vyao. Sherehe nyingine za hivi hufanyika mchana. Ulizia pia maktaba ya mtaa wenu. Badala ya barakoa, wapake rangi usoni, ila ijaribu kwanza mkononi. Na nunua vazi kubwa kidogo ili koti liingie ndani. Mwaka jana binti yangu alivalishwa koti juu ya mabawa ya kipepeo, akaonekana kama ana nundu ya ngamia, akalia njia nzima.

Peremende zichambue nyumbani kabla hawajala. Ngumu na zenye karanga mwondolee huyo wa miaka 3, zinakaba.

Mkiamua kubaki ndani, chongeni boga, mbegu mzikaange na chumvi. Ila la kuchonga usilipike, lina maji tu. La kupika na nazi nunua lile dogo.