Saa ya kupiga picha za mavazi jioni hapa Goma

Dada uliyeuliza saa ya kupiga picha za mavazi jioni, anza saa 11 na robo, usingoje saa 12 na nusu kama alivyokushauri aliyejibu kabla yangu. Saa hiyo hapa jua limeshazama. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: jua linashuka karibu wima, digrii moja kila dakika 4, na mwaka mzima linazama kati ya saa 12 kasoro dakika 10 na saa 12 na dakika 20 hivi. Mwanga ule wa dhahabu ni kama nusu saa tu, na vilima vya magharibi, upande wa Masisi, vinaweza kulificha jua mapema zaidi. Fika kikwembe (kitenge) umeshakivaa.

Kinachoharibu picha nyingi za hapa ni mawe ya lava: ni meusi, hayarudishi mwanga, kwa hiyo ukiligeuzia jua mgongo uso unabaki giza. Mtu akushikie shuka jeupe mbele yako, chini ya kifua, lirudishe mwanga usoni. Mpangilio wa rangi wa kamera (white balance) uweke kwenye alama ya jua, maana ule wa otomatiki unafuta umanjano wote.

Siku ya mawingu mazito piga tu saa 10, mwanga ni laini kila upande.