Palermo na mama mkwe: tulipie ziara ipi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi wa sita tutakuwa Palermo, kule Sicilia, kwa siku tatu: mimi, mume wangu na mama mkwe. Mama ana miaka 68 na goti la kulia linamsumbua. Nimepata ziara tatu za kutembea kwa miguu. Ya kwanza ni ya chakula, masaa manne, "vituo kumi", euro 85 kwa kila mtu. Ya pili ni ya historia, wanasema ni bure. Ya tatu ni ya usiku, Vucciria. Mume wangu anataka zote. Mimi naogopa mama atachoka, na zaidi naogopa, sisi ni Waislamu, atalishwa nguruwe bila kujua halafu lawama zinirudie mimi. — Mkamwana Mwenye Wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mume wako, kwa upole, kwamba ziara tatu ndani ya siku tatu ni nyingi hata kwa mwenye magoti mazima. Lipieni ya chakula, lakini si lazima iwe hiyo ya vituo kumi. Ya historia nitakueleza namna ya kuipunguza. Ya usiku iacheni. Vucciria lilikuwa soko kubwa la chakula zamani. Siku hizi mchana zimebaki meza chache, na usiku ni pombe, moshi wa majiko na muziki wa kupasua masikio, watu wanakula wamesimama. Mama akae wapi?

Hesabu ya vituo ilinidanganya na mimi mara yangu ya kwanza Palermo. Tulikuwa ishirini na kitu, kila mtu na kidude kinachokwaruza sikioni, tunafuata mwavuli wa njano. Kituo cha kwanza tukapewa arancina, donge la wali lililokaangwa, kubwa kama chungwa, na jina lenyewe maana yake ni chungwa dogo. Kwa njaa ya asubuhi nikalimaliza lote. Kufika kituo cha nne nilikuwa nafunga sfincione, ule mkate mnene wa vitunguu na nyanya, kwenye karatasi na kuusukumia mkobani. Vituo vitatu vya mwisho vilikuwa kikombe cha kahawa, kijipande cha jibini na duka la zawadi.

Kwa hiyo usiulize vituo vingapi, uliza watu wangapi. Wakizidi wanane, au kumi kwa shida, hamtaifikia meza ya muuzaji, mtabaki kutazama migongo. Uliza pia mtakaa wapi na mara ngapi. Mitaa ya zamani imetandikwa mawe mapana, wenyewe wanayaita balate, yamesuguliwa na nyayo mpaka yanang'aa, na sokoni yanalowa maji ya barafu ya samaki. Mama avae raba. Vile viatu vyake vya kutokea vibaki hotelini.

Soko ni Ballarò au Capo, na muwe mmeanza kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo jua la Juni halina huruma.

Sasa nguruwe. Ukiuliza "kuna nguruwe humu?", muuzaji atatikisa kichwa kwa moyo mweupe kabisa, maana kwake nguruwe ni nyama inayoonekana. Wewe uliza neno moja: strutto. Ndiyo mafuta ya nguruwe, na yanajificha pazuri. Ganda la cannolo, kitamutamu kile cha jibini laini la kondoo, kwa kawaida hukandwa kwa strutto na mvinyo wa Marsala. Arancina al burro, yaani "ya siagi", jina linatuliza roho, kumbe ndani huwekwa vipande vya paja la nguruwe.

Halafu kuna pani ca' meusa, mkate wa bandama na mapafu ya ndama. Utamwona mwuzaji ameinamisha sufuria pana, vipande vimepangwa upande wa juu, mafuta yanachuruzika chini yakichemka. Anachota kwa uma, anakamua, anajaza mkate. Ukitaka na limau tu unaagiza schetta, yaani mseja. Ukitaka na jibini unaagiza maritata, aliyeolewa. Nilicheka sana siku nilipoelezwa. Ila mafuta yale ni strutto, na ndama mwenyewe hakuchinjwa kwa sheria yetu, kwa hiyo tazameni, chekeni, piteni.

Msidhani mtalala njaa. Kuna panelle, vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa (hapo nako uliza yanakaangiwa mafuta gani), tambi za dagaa wakubwa na zabibu kavu, samaki wa kuchoma, na granita, barafu laini tamu, ya limau au lozi. Mwonyeshe mama tenerumi, majani machanga ya mung'unye yanayouzwa mafungu mafungu wakati wa joto. Nina hakika atataka kuwafundisha wapishi wa Kisicilia namna ya kuyapika.

Kabla ya kulipa, mwandikie kiongozi barua pepe: hatuli nguruwe, strutto wala pombe, nyama isiyo halali hatuigusi, na tuna mzee wa goti. Akijibu "hakuna shida, tunapokea watu wote", mpite. Akijibu "basi cannolo tutaiacha, nitawapa granita, na njiani kuna benchi mahali fulani", huyo mshike, hata akizidisha euro kumi.

Ya historia hiyo si bure. Kiongozi anaishi kwa bakshishi, na mwisho wa safari mtasimama duara kila mmoja anapapasa pochi. Si vibaya, mradi mjue mapema. Ila kwa goti lile, afadhali mkodi wenyewe mwongoza watalii kwa masaa mawili. Nchini Italia kazi hiyo ina leseni, mwombe akuonyeshe kitambulisho chake. Aanzie Jumba la Wanormani, wale watawala waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, ndani ya kanisa dogo la Cappella Palatina, ambapo mfalme Mkristo Roger II aliezekewa dari kwa ufundi wa Kiislamu karne ya 12. Bunge la Sicilia linakutana jumba hilohilo, kwa hiyo baadhi ya vyumba hufungwa siku kadhaa za wiki. Ulizeni siku kwanza. Kisha mteremke Cassaro, barabara ambayo jina lake linatokana na Kiarabu, sawa na neno letu "kasri", kama jina la mtaa wa Kalsa lilivyo ndugu wa neno letu "halisi". Waarabu waliutwaa mji mwaka 831, na Wanormani wakawanyang'anya mwaka 1072.

Mwendo si mrefu, mtafika Kanisa Kuu. Msikimbilie ndani. Kwenye baraza la upande wa kusini, nguzo ya kushoto, kumechongwa aya ya 54 ya Sura ya Al-A'raf. Mvutie mama kivuli, umshikie mkoba, umwache ajaribu kuisoma.