Kwa mdogo wangu wa Sengerema aliyeuliza kama kutengeneza viungo bandia ni kazi ya maana

Mdogo wangu, umeeleza kwamba umemaliza kidato cha sita kwa masomo ya sayansi na unapenda kazi za mikono, lakini baba yako mdogo anasema kutengeneza miguu bandia, meno bandia au miwani ni ufundi kama useremala, haustahili miaka ya chuo. Nimefanya kazi ya viungo bandia hapa Mwanza kwa miaka 14, na kwa heshima zote namwomba baba yako mdogo asikilize maelezo yangu. Seremala akishapima mlango, vipimo vyake havibadiliki. Sisi tunapima mwili wa mtu, ambao hunenepa na kukonda, na kigutu ambacho huendelea kunywea miezi mingi baada ya mguu kukatwa.

Mgonjwa aliyekatwa chini ya goti huletwa kwetu kidonda kikiwa kimepona. Tunakizungushia kigutu bandeji za plasta, zile zile anazofungwa aliyevunjika mkono na ambazo watu huziita hogo, kisha ganda linalotoka tunalijaza plasta laini ili kupata nakala ya kigutu chenyewe. Kazi ya kitaalamu huanzia hapo, kwa sababu nakala haiachwi ilivyo. Mahali panapoweza kubeba uzito, hasa kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti, tunakwangua plasta ili soketi, yaani kikombe cha mguu bandia ambamo kigutu huingia, ije ikaze. Mahali pasipovumilia mgandamizo, kama vile ncha ya muundi na kichwa cha ule mfupa mwembamba ulio upande wa nje, tunaongeza plasta ili soketi iache nafasi. Anayeanza huchanganyikiwa sana hapa, kwa kuwa anapoongeza ndipo anapompunguzia mgonjwa maumivu. Baada ya hapo bamba la polipropilini, aina ya plastiki, lenye unene wa milimita 4 au 5 hupashwa moto kwenye oveni hadi nyuzi 180 hivi, likilegea hufunikwa juu ya nakala na kuvutwa kwa pampu ya hewa hadi lishike kila umbo lake.

Nikueleze kosa langu ambalo sijalisahau. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimhudumia mzee mmoja, mvuvi wa Ukerewe, aliyepoteza mguu kwa sababu ya kisukari. Alitembea vizuri katikati ya vyuma viwili vya mazoezi, juu ya sakafu yetu laini, na nilipomuuliza anaumia wapi akajibu, "Siumii popote, mwanangu." Nilimwamini, akapanda meli kurudi Nansio. Baada ya wiki mbili alirudi akiwa na kidonda juu ya kile kichwa cha mfupa mwembamba, mahali nilipoongeza plasta kidogo mno. Mzee hakunidanganya. Kisukari huua hisia za neva, kwa hiyo mwili wake haukuwa na namna ya kumpa taarifa, na mimi niliyesoma hayo darasani nilipaswa kumvua mguu baada ya dakika chache za kutembea na kuikagua ngozi yake. Tangu siku hiyo simwachi mgonjwa aondoke kwa jibu la mdomo peke yake. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo napapasa kwa kiganja kutafuta sehemu iliyo na joto kuliko nyingine. Pia namuuliza anatembea wapi: kwenye mchanga wa mwaloni, kwenye miamba, au anaingia mtumbwini kila alfajiri.

Kuhusu meno na miwani nitasema machache, kwa kuwa sikuzifanya kazi hizo mwenyewe. Fundi wa maabara ya meno hupanga meno kwenye nta, daktari humjaribisha mgonjwa, kisha nta huyeyushwa na nafasi yake kujazwa akriliki, plastiki ngumu. Mara nyingi fundi huyo hamwoni mgonjwa, anaujua mdomo wake kwa nakala ya plasta tu. Fundi wa miwani asipolinganisha kitovu cha lenzi na mboni ya jicho, mvaaji wa lenzi yenye nguvu kubwa huumwa kichwa, naye hudhani aliyempima macho ndiye aliyekosea.

Ukitaka kumwona mgonjwa yule yule kwa miaka mingi, chagua viungo bandia. Chuo chetu ni TATCOT, kilichopo Moshi katika viwanja vya hospitali ya KCMC, ambacho kilianza mwaka 1981 na hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Utasoma anatomia (maumbile ya mwili) na biomekanika (jinsi mwili unavyojongea na kubeba uzito), na utashinda karakanani kwenye vumbi la plasta na joto la oveni. Nafasi za kazi si nyingi, kwa hiyo uwe tayari kupangiwa mbali na ziwa letu.

Kabla ya kujaza fomu, omba ruhusa ukae siku nzima katika karakana ya viungo bandia. Mashine utazijua baadaye. Wewe msubiri mgonjwa anayevua mguu mpya kwa mara ya kwanza, na akikubali, mwombe fundi akuruhusu nawe uweke kiganja juu ya kigutu.