Waulizeni walionyimwa

Swali la wiki hii linauliza kama kuthubutu mambo ya hatari hufanya maisha yawe na thamani zaidi. Wengi watakaojibu ndiyo watataja vilele vya milima, kuruka angani kwa mwavuli, na watu walioacha kazi ya mshahara wakaibuka matajiri. Mimi pia najibu ndiyo, ila nimefika hapo kwa njia nyingine. Ukitaka kujua thamani ya kitu, muulize aliyenyimwa. Na wako watu chungu nzima walionyimwa ruhusa ya kuhatarisha chochote: walemavu, wagonjwa wa muda mrefu, wazee. Wamenyimwa na watu wanaowapenda, kwa nia njema kabisa.

Mwaka 1972 Mmarekani Robert Perske, aliyefanya kazi na watu wenye ulemavu wa akili, aliandika makala ambayo inanukuliwa hadi leo. Alikuwa amezuru nchi za Skandinavia, akaona jinsi watu kama wale aliowahudumia kwao walivyoachiwa kuishi na kufanya kazi katikati ya wenzao, pamoja na hatari zote zinazoambatana na maisha ya kawaida. Hoja yake ilikuwa kwamba kuthubutu ni sehemu ya heshima ya binadamu. Mtu ukimkinga na kila kinachoweza kumuumiza, unamvua utu wake kidogo kidogo, naye hata hapati nafasi ya kujua anaweza nini.

Binti yangu ana kifafa. Alipoomba kujifunza kuogelea, nyumba nzima ilisema hapana, na haikuwa hapana ya bure. Watu wenye kifafa wako katika hatari kubwa zaidi ya kufa maji kuliko wengine; hata kuoga ndani ya bafu lililojaa maji hushauriwa wasifanye wakiwa peke yao. Daktari ndiye aliyetufungulia mlango. Alisema maadamu dawa zinaudhibiti ugonjwa, anaweza kuogelea, kwa sharti kwamba kila mara awe na mtu anayeijua hali yake na mwenye uwezo wa kumshika na kumtoa majini.

Kwa hiyo naingia naye. Nimejifunza kumsoma akiwa ndani ya maji: akianza kuchoka humeza maneno, na mkono wa kushoto huchelewa kidogo nyuma ya wa kulia. Hapo tunatoka, hakuna mjadala, ndivyo tulivyopatana. Wenzake wanakwenda kwenye kina kirefu, yeye anabaki pale maji yanapomfika kifuani. Lakini jambo lililonigusa zaidi limetokea nje ya maji. Zamani mtu akiuliza kuhusu ugonjwa wake, alitutazama sisi tumjibie. Siku hizi humwendea mwalimu mwenyewe, kabla ya kuvua viatu, akamwambia: “Nina kifafa. Nikianza kutikisika, shika kichwa changu kiwe juu ya maji, unitoe, na usinitie kitu mdomoni.” Hakuna mafunzo ya darasani ambayo yangempa sauti ile. Ameipata kwa sababu sasa ana kitu chake cha kukilinda.

Hii haina maana kwamba hatari yenyewe ni tamu. Wanaoifuata kwa ajili ya msisimko tu sina la kuwaambia, isipokuwa waangalie vizuri hao wanaowahusudu. Juni 2017 Alex Honnold alipanda El Capitan, ukuta wa mwamba wa karibu mita 900 huko California, bila kamba. Ukimwona juu pale utadhani ni mtu wa liwalo na liwe. Kumbe alikuwa ameirudia njia ile mara nyingi akiwa na kamba, akijua kidole gani kinakaa wapi. Tena mwaka uliotangulia alianza kupanda bila kamba, akaona moyo haujatulia, akageuka. Kwangu mimi, kugeuka kule kuna uzito kuliko kufika kileleni. Huo si mchezo wa pata potea.

Mfano ninaourudia zaidi ni wa Ronald Herrick. Desemba 1954, huko Boston, pacha wake Richard alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa figo. Hakuna aliyekuwa amewahi kufaulu kuhamisha figo kutoka kwa mtu hai hadi kwa mwingine akaishi nayo muda mrefu. Madaktari wenyewe walisumbuliwa na swali zito: je, ni halali kumpasua mtu mzima wa afya, ambaye upasuaji hautamfaidi yeye kwa lolote? Waliomba ushauri hata kwa viongozi wa dini. Walihakikisha kwamba ndugu hao ni pacha wa kufanana kabisa, mpaka alama za vidole zikachukuliwa. Ronald alielezwa yote. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard alimpelekea kikaratasi akimtaka aondoke, arudi nyumbani. Ronald akamjibu kwamba yuko pale na atabaki pale.

Tarehe 23 Desemba figo ikahamishwa. Richard aliishi miaka mingine minane, akamwoa muuguzi aliyekuwa akimhudumia, wakapata watoto wawili. Ronald alikuwa mwalimu wa hisabati, akaishi hadi mwaka 2010.

Naupenda mfano huu kwa sababu ya kile kikaratasi. Hata yule ambaye angeokolewa alitaka kumkinga mwenzake, naye mwenzake akakataa kukingwa. Alikuwa ameambiwa ukweli, na uamuzi ulikuwa wake.

Hapo ndipo ninapoweka mstari wangu. Januari 1986 chombo cha anga Challenger kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba wakafa, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Usiku uliotangulia, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kukisukuma walionya kwamba baridi ilikuwa kali mno kwa mipira ya kuziba viungo vyake. Wakuu wao wakaamua kuruka kuendelee. Wale saba hawakuambiwa. Walikuwa watu majasiri, walijua kwamba safari ya anga si lelemama, lakini hatari ya asubuhi ile hawakuichagua. Ilichaguliwa na watu waliobaki chini. Kwa hiyo mtu akinisifia ujasiri, kwanza namuuliza nani aliamua, na aliyebeba hatari alijua nini.

Najua kuna msomaji atakayenijibu kwa methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ni kweli, na kilio chenyewe huliliwa na waliobaki. Wenye kubaki wana haki ya kusikilizwa, tena kwa marefu na mapana. Haki ya kumwamulia mtu mzima mwenye akili zake timamu sidhani kama wanayo.

Wazee ndio ninaowahofia zaidi katika jambo hili, kwa sababu kwao kufuli huja kwa maneno matamu: “Kaa tu, mama, tutakuletea.” Kuanguka kwa mzee si jambo dogo, akivunjika nyonga huenda asitembee tena kama zamani. Lakini kukaa nako kunadhoofisha misuli na kuharibu uwiano wa mwili, na anayekalishwa ndiye huyo huyo atakayeanguka kwa urahisi siku atakaposimama. Mama yangu amechagua kupanda ngazi. Tumeweka taa za kutosha na vishikizo pande zote mbili, naye amekubali viatu visivyoteleza. Ameniambia wazi kwamba akianguka nisimlaumu mtu, nami nimemwambia nikiona miguu inamshinda nitalifufua suala hili. Kuhusu kupanda na mzigo mikononi bado hatujaafikiana. Kila mmoja anashikilia lake, na mazungumzo yanaendelea.