Vijidudu wapenda chumvi: niliowakuta kwenye ghala la ngozi Nakuru

Kuna mdau kauliza kama vijidudu wanaoishi kwenye chumvi wana pesa, na kama anaweza kuanza kwa kuchota jerikeni kadhaa za maji ya Ziwa Nakuru. La kwanza ndiyo. La pili hapana, na nitafika huko.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye ghala la ngozi mbichi hapa Nakuru. Ngozi ikitoka machinjioni tuliimwagia chumvi upande wa nyama, tukazipanga moja juu ya nyingine. Msimu mmoja wa joto tukafunua rundo na kukuta madoa mekundu, kama mtu kamwaga maji ya bitiruti. Msimamizi akamfokea kijana wa kupanga. Maskini, hakuwa na kosa! Wekundu ule uliletwa na chumvi yenyewe: chumvi iliyokaushwa juani huja na arkea (vijidudu wa seli moja wanaofanana na bakteria, ila ni ukoo mwingine) walio hai, na sisi kwa ubahili tulikuwa tunairudia ya zamani. Samaki mbuta wa chumvi naye hushikwa na wekundu huohuo, watu wa Kisumu.

Chumvi hunyonya maji kutoka kwenye seli. Hao arkea hujaza potasiamu ndani mwao ili wasinyonywe, na wamezoea hivyo kiasi kwamba ukimtia mmoja wao, Halobacterium, kwenye maji matamu anapasuka. Wapenda chumvi wengine hutengeneza molekuli ndogo za kushika maji. Mojawapo, ektoini, iligunduliwa mwaka 1985 kwa bakteria wa Wadi Natrun, Misri, na leo imo kwenye krimu za ngozi. Namna ya kuipata inanifurahisha: bakteria Halomonas hukuzwa kwenye chumvi nyingi, kisha chumvi inapunguzwa ghafla, naye anaitema ektoini nje. Anarudishwa kwenye chumvi, anakamuliwa tena. Ng'ombe kabisa.

Lakini faida kubwa kwangu ni ulinzi. Aliyewahi kugandisha maziwa yakaharibika anajua kero ya kijidudu mgeni. Kwenye chumvi kali wageni wengi hawaingii, ndiyo maana Wachina wanakuza Halomonas wa kutengeneza plastiki inayooza bila gharama ya kuchemsha kila kitu kwanza. Ubaya ni kwamba chumvi hula chuma: ghala letu lilibadilisha bawaba za milango mara sijui ngapi. Maji taka yetu nayo yalikuwa na chumvi inayolemaza bakteria wa kawaida wa kusafisha, na kazi hiyo pia wapenda chumvi wanaiweza.

Sasa ziwa. Ziwa Nakuru ni la magadi kuliko chumvi ya mezani. Vimeng'enya vya vijidudu wa maziwa kama hayo havisumbuliwi na ukali wa sabuni, kwa hiyo hutumika kufulia na kufifisha jinzi. Mwaka 2004 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ililalamika hadharani kwamba kampuni moja ya Marekani ilinufaika na vijidudu wa maziwa yetu bila kutugawia. Tangu 2006 kuna kanuni: bila kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, huchukui vijidudu, na pale ni mbuga ya taifa. Isitoshe, tangu maji yapande kuanzia 2010 ziwa limezimuliwa, hata heroe wengi wakahamia Bogoria.

Kama mtaji ni mdogo, jaribu spirulina, vijidudu vya kijani vinavyoliwa, kwenye tangi la maji ya magadi. Mbegu itoke maabara, si ziwani: humo spirulina huchanganyika na mwani wenye sumu, na kwa macho hutawatofautisha.