Muulize Fundi: Mpwa na folda ya korosho

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni karani wa chama cha msingi, Newala. Kilo za kila mkulima na namba za stakabadhi nimeziweka diski D ya kompyuta ya nyumbani, ambayo wanangu na mpwa wangu huchezea gemu. Oktoba hii, mnada umekaribia, nikaikuta folda ya msimu imehamishiwa ndani ya muziki! Nikaificha. Kesho yake mpwa kaifichua. Nifanyeje bila kuwanyima kompyuta?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuficha folda ni kushusha pazia tu, mlango bado uko wazi. Tatizo lenyewe ni kwamba nyote mnaingia kwa akaunti moja, yako, tena ya msimamizi. Windows haijui nani kakalia kiti. Kwake huyo ni wewe.

Wafungulie watoto akaunti yao, ya mtumiaji wa kawaida. Yako itie paswedi, na isiwe 1234. Hapo nyaraka zako za diski C watakuwa hawazifikii tena. Diski D ndiyo yenye kazi, maana kwa kawaida kila mwenye akaunti anaingia humo na kuandika atakavyo. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda Properties, kisha Security. Utakuta orodha ya majina. Ruhusa hizo folda imezirithi kutoka kwenye diski, kwa hiyo ingia Advanced ukate urithi kwanza, ukichagua ruhusa zilizopo zibaki. Ndipo uyafute makundi ya Users na Authenticated Users. Libaki jina lako (kama halimo, liongeze kwa Add), Administrators na SYSTEM, yaani Windows yenyewe. Ingia kwa akaunti ya watoto ujaribu kuifungua, ikikataa, umefaulu.

Ila tafadhali, usiweke Deny, yaani katazo, kwa Everyone. Mimi niliwahi kuifanyia hivyo diski nzima ya mteja mmoja wa Shangani, najiona mjanja. Everyone ni kila mtu, na mimi nimo, na Deny huishinda ruhusa. Niliingia kazini asubuhi, adhana ya alasiri ikanikuta bado narudisha umiliki wa mafaili huku mwenye mali kasimama mgongoni kwangu.

Flashi nyingi hazina kinga hii. Zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32 au exFAT, hata hiyo Security huioni. Na mwizi akiichomoa diski akaichomeka kwenye kompyuta yake, ruhusa zako hazimzuii. Huyo dawa yake ni kuisimba diski, yaani kuyavuruga yaliyomo yasisomeke bila paswedi. Programu ya kazi hiyo, BitLocker, huja na Windows Pro. Kama yako ni Home, VeraCrypt ni ya bure. Ukisahau paswedi yake, basi hata mimi usinipigie.

Nakala ya hesabu iwe kwenye flashi, kabatini, leo hii kabla ya mnada. Na huyo mpwa usimchape. Shule zikifungwa mlete Mtwara, kibandani kwangu nahitaji kijana.