Sukuma wiki inageuka njano, tatizo nini?

SWALI: Shikamoo bibi shamba. Nipo Tabora mjini, maeneo ya Ipuli, nina kibustani nyuma ya nyumba cha sukuma wiki na chainizi. Miche ilishika vizuri tu ila sasa imedumaa, majani ya chini yanageuka njano moja baada ya jingine na mengine yana zambarau pembeni. Udongo wa huku ni kichanga kwa hiyo nilichanganya vumbi la mbao na pumba za mpunga kwa wingi nikamalizia na majivu, maji namwagilia asubuhi na jioni. Jirani mmoja anasema ni ugonjwa nipige dawa ya ukungu, mwingine kanipa mbolea iliyobaki kwenye tumbaku yake. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Dawa ya ukungu iache dukani kwanza, manake umeshanitajia kitu muhimu kuliko vyote, kwamba njano imeanzia chini. Mboga ikikosa naitrojeni, kile kirutubisho cha kukuza majani, inanyonya ile iliyopo kwenye majani ya zamani inapeleka kwenye kichomozo, ndo maana ya chini yanafifia jani zima huku ya juu bado yana afadhali. Kwa hiyo mtu akiniambia tu "majani ni ya njano" siwezi kumsaidia, lazima niulize yapi yalianza. Yangeanza machanga ya juu ningefikiria salfa au chuma. Na kama ni ya zamani lakini mishipa imebaki kijani, njano ipo katikati ya mishipa, hapo ni magnesiamu. Ya kwako ni njaa ya naitrojeni.

Na njaa yenyewe imetoka kwenye hilo vumbi la mbao. Vumbi la mbao na pumba vikichanganywa ndani ya udongo vikiwa vibichi, vijidudu vinavyoozesha vinahitaji naitrojeni ili vifanye kazi, vinaichukua kwenye udongo huohuo kabla mizizi haijaipata, na kichanga chetu cha Tabora hakina akiba. Alafu maji mengi asubuhi na jioni yanaosha hata kile kidogo kilichobaki kinashuka chini mizizi isikofika. Majivu yana potasiamu na yanapunguza uchachu wa udongo, sawa, ila naitrojeni haimo, iliondoka na moto.

Mbolea ya tumbaku sio sumu, tena jirani kakupa kwa moyo mzuri, lakini angalia namba kwenye mfuko. Ile ya 10-18-24 namba ya kwanza ndo naitrojeni, ni 10 tu, na wewe unakula majani. Tafuta mbolea ya CAN au urea, hizo ni za naitrojeni, duka la pembejeo. CAN weka kifuniko kimoja cha soda kwa kila mche, urea nusu kifuniko inatosha kwa sababu ni kali, ina naitrojeni asilimia 46. Zungushia umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, fukia, mwagilia. Isikutane na majivu jamani, majivu yanaifanya naitrojeni ipae hewani kama gesi, unakuwa umetupa hela. Kwa hiyo majivu simamisha kabisa kwa sasa.

Usitegemee majani yaliyokwisha kuwa njano yarudi, angalia yanayotoka mapya. Ile zambarau inaweza kuwa fosforasi, na mboga za jamii hii hata zikidumaa tu au usiku ukiwa wa baridi zinaweka zambarau, so tibu njaa kwanza uone kama inaendelea. Msimu ujao tumia samadi iliyooza vizuri, ndoo ya lita 20 kwa mita nne za mraba, na vumbi la mbao liweke juu ya udongo kama matandazo usilichanganye ndani.

Kitu kimoja naomba ufanye kabla hujanunua chochote: ng'oa mche mmoja ulio mbaya kuliko yote, osha mizizi uitazame. Ikiwa safi endelea na mbolea. Ikiwa na vifundo vifundo hao ni minyoo fundo na mbolea haitawaondoa, hapo pumzisha tuta na panda marejea, ule mmea wa jamii ya kunde unaopunguza minyoo hiyo. Nyanya na bamia usipande hapo, utakuwa unawalisha.

SWALI: Nipo Ujiji, Kigoma. Kabichi zangu zina njano inayoanzia ukingoni mwa jani inaingia ndani umbo la V na mishipa inakuwa myeusi. Nimeongeza urea lakini wapi, mvua nayo haikatiki.

JIBU: Kaka, hiyo sio njaa, urea acha. Kata shina la moja, ukiona duara jeusi ndani ni uozo mweusi, na ni bakteria, sio ukungu. Unaingia kwenye vitundu vya ukingo wa jani ndo maana ya ile V, na matone ya mvua yanausambaza. Dawa ya kuponya hamna. Ng'oa zilizougua uchome au ufukie mbali, usitupe kwenye mboji, na usiingie bustanini majani yakiwa mabichi kwa mvua. Sehemu hiyo miaka miwili mitatu usipande kabichi, sukuma, chainizi wala figiri, wote ni ndugu. Panda maharage, Kigoma mnayajua vizuri. Ugonjwa huu unasafiri na mbegu pia, kwa hiyo mbegu ya kabichi loweka kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, upate kipimajoto kabisa, kwa kukisia utaziua.

SWALI: Kasulu hapa. Majani ya juu ya sukuma yanajikunja na kwa chini yana vijidudu vya kijivu kama vimepakwa unga.

JIBU: Vidukari. Majani yaliyojaa sana kata utupe, mengine piga sabuni ya maji vijiko viwili vya chai kwa lita moja, jioni, hakikisha inafika chini ya jani, rudia baada ya siku chache. Ukiona wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi waache, wanakula vidukari.